Marehemu Ameuliza Kama Umekula

Haya, mliokuwa mkitafuna kucha tangu wiki iliyopita, ziacheni zipone. Na wewe unayesoma gazeti la jirani kwa kuchungulia begani, sogea karibu usije ukateguka shingo.

Tulimwacha Fundi Meno karakanani kwake, saa saba mchana, simu mkononi, mdomo wazi. Kwenye kioo cha simu palikuwa na neno moja tu.

"Umekula?"

Neno la kawaida. Ungeulizwa wewe, ungejibu huku unapiga miayo. Tatizo lilikuwa namba iliyoliandika. Namba ilikuwa ya mkewe, na mkewe alizikwa mwaka juzi, fundi mwenyewe akishika beleshi.

Kwa aliyechelewa kuingia: Fundi Meno anachonga funguo. Jina la Meno amepewa na wateja kwa ajili ya meno ya ufunguo, ingawa hakosekani mgeni wa mtaa anayeingia pale ameshika shavu akiomba ang'olewe. Ana miaka sitini na moja, nyumba ya vyumba viwili, na binti mmoja aliyeko mji wa mbali. Na tangu msiba alikuwa na siri. Kila siku baada ya saa saba alikuwa akimwandikia marehemu ujumbe kwenye simu. Alimweleza nani kaleta kufuli gani, goti linauma upande upi, mvua imenyesha au imetishia tu. Hakutarajia jibu. Ilikuwa kama kutupa maneno kisimani na kwenda zako.

Leo kisima kimeuliza kama amekula.

Mtu mwingine angeitupa simu na kukimbilia barabarani. Fundi Meno alijibu. Vidole vilitangulia, kichwa kikafuata baadaye.

"Bado."

Jibu halikukawia. "Kula basi. Usije ukaugua, na hapo hakuna wa kukuuguza."

Akala. Cheka ukitaka, lakini alikula. Alitoa kwenye mfuko kipande cha mkate alichokinunua asubuhi, akafuta vumbi la shaba mikononi, akakaa kwenye stuli akatafuna kwa utiifu kama mtoto anayeangaliwa. Miezi ishirini hakuna mtu pale mtaani aliyemuuliza swali hilo. Watu humuuliza ufunguo utakuwa tayari lini, na kwa nini kufuli la juzi limekwama. Tumbo lake lilikuwa limebaki kuwa siri kati yake na duka la mkate.

Simu ikatikisika tena. "Leo utashinda karakanani mpaka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, kama kawaida," akaandika.

Akameza tonge, na tonge likagoma njiani.

Katika miaka thelathini na tatu ya ndoa, mkewe hakuwahi kumuuliza swali hilo hata mara moja. Lango la karakana lilishuka saa kumi na moja kamili, siku zote. Wanawake wa mtaa walibandika vyungu kwa kusikia mlio wake. Mkewe alikuwa wa kwanza kati yao.

Fundi akaweka mkate chini.

Sasa, mjue kwamba Fundi Meno ana kanuni yake ya kazi. Mtu akija anasema kapoteza ufunguo na anataka achongewe mwingine, fundi hamuulizi kitambulisho, maana vitambulisho vinaazimwa. Humuuliza hivi: mlango wako ukifunguka, unagonga nini? Mwenye nyumba hujibu swali likiwa nusu. Kila mlango duniani una kitu unachokigonga, na mwenyewe ameshakilaani kitu hicho mara elfu. Mwizi hukohoa.

Akaandika polepole, kidole kimoja. "Kama ni wewe kweli, mlango wa chumbani ukifunguka unagonga nini?"

Juu ya kioo pakaonekana kwamba kuna mtu anaandika. Pakaacha. Pakaonekana tena.

"Cherehani yangu."

Kama ingekuja "cherehani" peke yake, angeweza kujitetea. Ile "yangu" ndiyo iliyomwangusha. Aliegemea jiliwa, lile la kubania funguo, akalia bila sauti, kama wanavyolia wanaume waliozoea kulia wakiwa wanafanya kazi nyingine.

Na hapo, kama kawaida ya dunia, akaingia mteja.

Alikuwa dereva wa lori la kokoto, jitu la mabega, akitaka ufunguo wa chumba cha shemeji yake. Alieleza kwamba shemeji kapoteza ufunguo, yuko kazini, hawezi kutoka, kamtuma yeye. Kufuli lenyewe hili hapa, kalileta mfukoni. Fundi akajifuta uso kwa mgongo wa mkono, akasingizia vumbi, na kwa mazoea tu akauliza swali lake.

"Kabati la vyombo," dereva akajibu, bila kukohoa.

Fundi akalipokea kufuli. Akawasha mashine. Kisha akaizima.

"Umewahi kuingia chumba hicho?"

"Sijawahi. Nitaingiaje kwa shemeji yangu?"

"Sasa umejuaje mlango unagonga nini?"

"Si kasema mwenyewe, Fundi." Dereva akacheka. "Shemeji yangu yule hana siri. Kaa naye nusu saa, utajua mpaka godoro lake limebonyea upande gani."

Fundi akamrudishia kufuli, akamwambia aje na shemeji mwenyewe. Dereva akaondoka akilalamika kwamba mtaa wa pili wanachonga funguo bila kumhoji mtu kama anaposa.

Fundi hakusikia hata nusu ya malalamiko yale. Alikuwa amesimama katikati ya karakana na maneno matatu yakimzunguka kichwani kama nzi. Si kasema mwenyewe.

Akaifungua simu na kuanza kupanda juu, ujumbe kwa ujumbe, kurudi nyuma. Hakwenda mbali. Ulikuwepo, wa wiki mbili nyuma, umeandikwa na mkono wake mwenyewe: "Leo mlango wa chumbani umegonga tena cherehani yako. Sijaihamisha. Sitaihamisha."

Akapanda zaidi. "Mchana huu nimekumbuka ulivyokuwa ukiniuliza kama nimekula. Siku hizi hakuna anayeuliza."

Kumbe marehemu hakurudi. Kuna mtu amekaa mahali fulani, ameweka miguu juu, anamsoma Fundi Meno kama mnavyomsoma ninyi kila wiki. Tofauti ni kwamba ninyi hamumjibu.

Uchungu ulioje kufiwa na mtu mmoja mara mbili. Lakini hakupata hata muda wa kuuonja vizuri, kwa sababu sasa alikuwa anasoma ujumbe wake kwa macho mengine. Alikuwa anausoma kama mwizi. Na nakuhakikishia, ulikuwa ujumbe mtamu sana kwa mwizi.

"Mwalimu wa nyumba ya kona kaenda kwa mwanawe, kapata mjukuu. Hatarudi mpaka mwisho wa mwezi."

"Mbwa wake kafa, maskini. Nyumba imebaki kimya kama yetu."

"Kaniachia ufunguo wa akiba, si unajua anavyoniamini. Tazama meno yake. Kazi ya zamani hii, siku hizi hawachongi hivi."

Na chini yake, picha. Ufunguo wa Mwalimu umelazwa juu ya kitambaa cheusi, karibu na dirisha, mwanga umeukaa vizuri, kila jino linahesabika.

Ni fundi huyuhuyu anayewakaripia wateja wakitupa funguo zao juu ya meza mbele ya watu. Huwaambia aliyeuona vizuri ameshauchukua. Yeye mwenyewe, kwa picha ile, angeuchonga ufunguo wa Mwalimu ndani ya robo saa, na chai ikiwa bado ya moto. Naye si fundi peke yake duniani.

Miaka arobaini ya kuaminiwa na mtaa mzima, funguo mia tatu ukutani, hakuna hata mmoja uliowahi kupotea. Wa Mwalimu kautoa mwenyewe kwa picha, bure, na maelezo ya ratiba juu.

Akampigia binti yake.

Binti anafanya kazi ya mapokezi hotelini, huko wanakofungua milango kwa kadi, jambo ambalo baba yake hulichukulia kama msiba wa pili. Ndiye anayepiga, kila Jumapili. Baba huwa hapigi. Kwa hiyo simu ilipokelewa kabla haijamaliza kulia.

"Baba, nani kafa?"

"Hajafa mtu. Aliyekufa ndiye kaniandikia."

Ilichukua muda kueleweka. Binti alipoelewa, alieleza mambo kwa ule upole wa watu wa mapokezi wanapomwambia mgeni kwamba chumba chake kimepewa mtu mwingine. Aliuliza kama kuna mtu aliyekuwa akiweka salio kwenye laini ya mama. Fundi akasema hapana, aliamini laini ya mtu hufa na mwenyewe. Binti akasema haifi. Ikikaa bila kutumiwa, kampuni huichukua, huiuza upya, na mnunuzi wa kwanza akijiunga, ujumbe wote wa siku za karibuni uliokuwa ukielea angani unamwagika kwake. Na unaofuata baada ya hapo unamwendea moja kwa moja, yeye amekaa tu kitini.

Akauliza kama baba hakuona alama zimebadilika pembeni ya maneno, kwamba sasa unafika na unasomwa. Fundi alikiri kuziona. Alidhani ni urembo.

Binti akaacha habari za alama.

"Ulikuwa unamwandikia kila siku?"

"Kila siku. Isipokuwa Jumapili."

"Jumapili kwa nini huandiki?"

"Jumapili unapiga wewe."

Upande wa pili ukasikika mlango wa kioo ukifunguka na watu wakiburuza masanduku. Binti aliwaambia wasubiri, kwa sauti nyingine kabisa, kisha akarudi.

"Mimi nikikupigia unaniambia salama tu. Kila wiki, salama tu. Nakuuliza goti, unasema limepona. Nakuuliza unakula, unasema nashiba. Na mama, aliyeko kaburini, unamweleza mpaka mlango unagonga nini."

Fundi akapangusa vumbi la shaba kwenye mashine.

"Wewe una kazi zako, mwanangu," akasema mwisho. "Marehemu alikuwa na nafasi."

Binti alivuta kamasi, akajikaza, akageukia kazi. Alimwagiza asimjibu mtu yule tena hata nukta, lakini asimfungie pia, asije akajua ameshtukiwa. Akamwambia ahifadhi picha za mazungumzo yote. Akamuuliza namba ya siri ya akaunti yake, na baba alipoitaja, binti akaguna kama aliyekanyaga msumari. Ulikuwa mwaka wa ndoa. Wa simu, wa barua, wa benki, wa kila kitu, mwaka uleule. Mtu mwenye funguo mia tatu ukutani alikuwa na ufunguo mmoja kwa milango yake yote, na wiki ya pili ya mwezi alikuwa amemwandikia marehemu kumpongeza kwa miaka ya ndoa yao, akautaja na mwaka wenyewe.

Mbaya zaidi, akaunti zile zilifunguliwa zamani na binti kwa namba ya mama. Tarakimu za uthibitisho, ukisahau namba yako ya siri, zingetumwa kwenye laini ileile. Binti akasema atakaa hapohapo mapokezi, wageni wasubiri wakichoka waketi, mpaka azibadilishe zote.

"Wewe mpigie Mwalimu. Sasa hivi, Baba. Na mwambie ukweli, usimwambie salama tu."

Mwalimu huyo, bibi mjane, alifundisha hesabu miaka thelathini na mitano, na nusu ya mtaa bado humwamkia kwa mikono nyuma. Alipokea simu huku mtoto mchanga akilia karibu. Fundi akamweleza kila kitu akiwa amesimama wima, kama yuko mbele ya ubao.

"Ngoja," Mwalimu akasema. "Habari za nyumba yangu ulimwambia nani?"

"Mke wangu."

"Mkeo alifariki. Nilikuwepo mazikoni."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na amekuwa akijibu?"

"Ameanza leo."

Mtoto akalia, akabembelezwa, akanyamaza. Fundi akangoja fimbo.

"Mimi huongea na yule mbwa," Mwalimu akasema, kwa sauti ambayo fundi hakuwahi kuisikia kwake. "Mpaka leo. Lakini simwandikii, Fundi. Nilikwambia amekufa kwa sababu siku ile nilikuwa na huzuni, na wewe ulikuwa mtu wa kwanza kunisalimia. Sikukwambia utangaze."

Fundi alisema anajua. Alisema zaidi ya hapo hana la kujitetea.

Mwalimu akamruhusu aingie kwa ufunguo wa akiba, aweke kitasa kipya mlango wa mbele, na ule wa nyuma aukague makomeo. Alitaka ifanyike leo, kabla ya giza. Kabla ya kukata, akaongeza kwamba chumbani, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, mna hati ya nyumba na barua zote za marehemu mumewe, na kwamba hati inaweza kutolewa nyingine.

Basi saa tisa na nusu Fundi Meno akateremsha lango la karakana. Saa tisa na nusu. Muuza magazeti wa ng'ambo ya barabara aliitazama saa yake, akaigonga, akaiweka sikioni. Mara ya mwisho lango lile kushuka mapema ilikuwa siku ya maziko.

Fundi alikwenda na mkoba wa vifaa, kitasa kipya kwenye boksi lake, na ufunguo wa Mwalimu ameufumbata kiganjani. Njia nzima alikuwa akiwatazama watu walioinamia simu. Mmoja ameegemea ukuta. Mwingine yuko kwenye ngazi za duka, anatabasamu peke yake. Yeyote kati yao angeweza kuwa ndiye. Mtaa aliokaa miaka arobaini ulikuwa umegeuka mtaa wa watu asiowajua.

Akaingiza ufunguo kwenye mlango wa nyumba ya kona. Ukazunguka mara moja, mlango ukafunguka.

Mara moja. Mwalimu hufunga mizunguko miwili, na humkaripia anayefunga mmoja. Fundi akasita. Kisha akajiambia ni haraka ya safari na furaha ya mjukuu, akaingia. Wazee wa kazi ndivyo wanavyoponzwa: jicho linaona, mdomo unalitafutia sababu.

Nyumba ya mtu mmoja ina ukimya wake. Fundi aliutambua pale mlangoni, maana anao kama huo kwake. Kikombe kimoja kwenye sinia. Kiti kimoja kilichochakaa, vingine vitatu vipya kabisa. Bakuli la mbwa bado lipo kando ya ukuta, limeoshwa, limewekwa maji ya nani haijulikani. Alisimama kulitazama kwa muda kuliko ilivyohitajika.

Akaanza kazi. Alitoa skrubu moja baada ya nyingine akizipanga juu ya kiti, akachomoa kitasa cha zamani, akapuliza vumbi la mbao, akaingiza kipya, akakaza. Mikono ikiwa kazini moyo wake hutulia. Hata leo ulitulia kidogo. Mlango ulipokaa sawa akaufunga kutoka ndani kuujaribu, mizunguko miwili, kama mwenye nyumba anavyopenda. Sauti yake ilikuwa safi. Sasa hata mwizi awe na ufunguo wa dhahabu, kwa mbele haingii.

Akajifuta jasho. Umebaki mlango wa nyuma.

Simu ikalia.

Haikuwa ujumbe. Ilikuwa inaita, na kwenye kioo ikatokea picha ya mkewe, ile aliyompiga yeye mwenyewe akiwa amekaa kwenye cherehani, uzi mdomoni, akimkatalia asimpige picha.

Binti alimkataza kumwandikia. Hakumkataza kupokea. Fundi akabonyeza, akaweka sikioni, na sikio lile, mumsamehe, lilikuwa bado linatumaini.

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Haikuwa ya mkewe. Ilikuwa nzito, ya mtu mzima, ya mtu asiyeongea mara kwa mara.

"Kaka, usikate. Wewe ndiye unayeandika? Wa funguo?"

"Ndiye."

Mwanamke akaeleza kwa pupa. Yeye hupiga pasi mashuka kwenye jengo moja la kufulia, chumba cha chini, siku nzima na mashine. Laini hii ameinunua wiki tatu zilizopita. Alipoiwasha, ujumbe ukamiminika. Alijua mara moja kwamba si wake. Alipaswa kusema, na hakusema.

"Nilikuwa nasoma wakati wa mapumziko," alisema. "Mimi hakuna anayeniandikia. Nikajua goti lako. Nikajua mvua ya kwenu. Siku moja ulichelewa, nikawa natazama simu kila saa. Naona aibu kukwambia, lakini ndiyo ukweli."

Fundi alimuuliza mbona leo ameamua kujifanya marehemu, kama ni utani ni utani gani huo.

"Ndicho nilichokupigia," mwanamke akasema. "Kaka, mimi sijawahi kukujibu. Hata neno moja. Nimetoka zamu sasa hivi, nimefungua simu, nimekuta majibu ambayo sikuyaandika. Hilo la kula. Hilo la cherehani. Si mimi."

"Simu yako ameishika nani?"

Hakuna aliyeishika, akasema, tangu Jumatatu. Jumatatu aliipeleka kwa mtu wa kutengeneza simu, kioo kilikuwa kimepasuka. Yule mtu alimwomba aifungue, akaielekeza kamera yake kwenye kompyuta, kwenye kale kamraba ka madoadoa, akamwambia anahifadhi picha zake zisipotee. Akamshukuru mpaka akamwachia chenji. Leo amemuuliza mwenzake wa zamu ya pili, ndipo akaambiwa kwamba siku ile yeye mwenyewe alimfungulia yule mtu dirisha la kusomea simu yake. Anachokiona yeye, yule anakiona. Anaweza hata kuandika kwa jina lake.

"Nimemtoa sasa hivi?" Alikuwa akijiuliza mwenyewe, akibonyezabonyeza. "Sijui kama nimemtoa. Ngoja. Kaka, ngoja, naona anaandika. Anakuandikia wewe, sasa hivi, naona hapa..."

Simu ikatikisika shavuni mwa fundi. Akaishusha, akatazama. Chini ya picha ya mkewe, maneno yalikuwa yameshafika.

"Kitasa kizuri, Fundi. Nimekisikia kikifunga. Sasa tuko ndani wote wawili."

Fundi Meno hakugeuka. Alitazama mlango alioufunga kwa mizunguko miwili, na ufunguo mpya ulioning'inia hapo, hatua tatu kutoka alipokuwa. Nyuma yake, upande wa chumbani, kitu kikaburuzwa sakafuni polepole. Kitu cha bati.

"Kaka?" Sauti ya mwanamke ilitoka kwenye simu, ndogo, mbali. "Kaka, uko peke yako hapo?"

Na kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe, Fundi Meno akatamani kwa roho yake yote aweze kujibu ndiyo.